Mafuta ya nyonyo nayapaka, mbegu zake zinaua?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mnyonyo mkubwa, na mwanangu wa miaka miwili hachoki kuokota zile mbegu zenye madoadoa. Mama mkwe ananigombeza, anasema zinaua. Mbona mafuta ya nyonyo napaka kwenye nywele siku zote na sijadhurika? Na kama ni sumu kweli, inaua vipi? – Mama wa mmoja, Singida

JIBU: Marahaba, mwanangu. Safari hii mama mkwe mpe haki yake.

Sumu ya nyonyo inaitwa risini. Ni protini inayoyeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Mbegu zikikamuliwa, mafuta hutoka, sumu ikabaki kwenye mashudu. Ndiyo maana nywele zako ziko salama. Ila mashudu mabichi usithubutu kumpa mbuzi wala kuku.

Inaua vipi? Hapo niruhusu nishike chaki kidogo. Seli moja ya mwili wako inaweza kuwa na ribosomu mamilioni, yaani viwanda vidogo mno vinavyotengeneza protini. Kila ribosomu ina vipande viwili, kidogo na kikubwa, vilivyofumbata uzi wa RNA unaoleta maagizo kutoka kwenye jeni. Kipande kidogo husoma maagizo herufi tatu tatu, na kila tatu hutaja asidi amino moja, yaani kijenzi kimoja cha protini. Kikubwa huiunga na zilizotangulia, kama mtu anayetunga shanga, na mnyororo huo, ambao ndio protini, ukatokea kwenye mfereji mwembamba upande wa pili. Kwa sekunde moja huungwa kama tano hivi. Insulini na himoglobini zako zimepatikana hivyo.

Risini nayo ina sehemu mbili. Moja hunasa sukari zilizo juu ya seli, seli ikaimeza yote. Ya pili ndiyo muuaji. Hukiendea kile kipande kikubwa, na katika RNA iliyojenga kipande chenyewe (si ule uzi wa maagizo), yenye herufi kama 5,000, hung'oa herufi moja iitwayo adenini. Moja tu! Mwaka 1987 Mjapani Yaeta Endo na mwenzake ndio waliotuonyesha jambo hili. Ribosomu iliyong'olewa herufi hiyo haishikani tena na protini zinazoisogeza mbele juu ya uzi, basi inakwama palepale, na seli isiyotengeneza protini mpya hufa. Molekuli moja ya risini huweza kuharibu ribosomu zaidi ya elfu moja kwa dakika. Na risini yenyewe, usisahau, imetungwa na ribosomu za mnyonyo.

Mtoto akitafuna mbegu kisha akaendelea kucheza, usidanganyike. Seli huponea protini zilizokwisha kutengenezwa, hivyo kutapika na kuharisha huja baada ya saa kadhaa. Mbegu iliyomezwa nzima mara nyingi hupita salama kwa ugumu wa ganda lake, iliyotafunwa ndiyo balaa. Lakini utajuaje kama hakutafuna? Mpeleke hospitali hapo hapo, bila kumtapisha, na ubebe mbegu waione. Dawa ya kuiua sumu hii haipo. Madaktari humtundikia maji na kumwangalia mpaka mwili wake ujikwamue.

Mti huo ungekuwa wangu, na mtoto wa umri huo uani, ningeukata. Kama unauhitaji, basi kata vishada vya matunda vingali kijani, maana vikikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali na shina.