Gurudumu la nyuma linacheza: usikimbilie kukaza nati

Swali: Asalaam alaykum. Nina Landrover 109 Series III, napakia magunia ya karafuu na ndizi kutoka Konde kushuka Wete. Gurudumu la nyuma la kushoto linacheza, likiingia shimoni linagonga, na nikifika mjini habu (kitovu cha gurudumu) haishikiki kwa moto. Fundi kashaikaza nati mara mbili mwaka huu, na kila mara baada ya wiki mbili tatu hali inarudi ile ile. Beringi kazitazama, anasema nzima. Nifanye nini?
*Msomaji, Wete*

Jibu: Wa alaykumu salaam. Nati iliyokazwa mara mbili ikalegea mara mbili haina kosa peke yake. Na huo moto unatutia shaka kwamba safari ya mwisho ilikazwa kupita kiasi. Habu iliyolegea kidogo inapiga kelele tu. Iliyobanwa mno inaunguza beringi kimya kimya, hata siku moja igande njiani na mzigo juu.

Kabla ya kufungua, hakikisha kinachocheza ni habu kweli. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Hili si la kupuuza: hendibreki ya gari hii inashika propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma), haishiki magurudumu, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu (gia za katikati ya ekseli) inaliachia lizunguke na gari linaweza kushuka kwenye jeki hata hendibreki ikiwa juu kabisa. Inua, tia stendi chini ya ekseli, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, tazama springi na boliti zake za U. Kama tairi halichezi ila gari linagonga unapoachia klachi, angalia boliti 6 zinazofunga kichwa cha shafti kwenye habu. Zikilegea, matundu yake yanakuwa marefu kama yai na hakuna kukaza kutakakosaidia.

Ikiwa ni beringi, basi fungua. Legeza ajasta ya breki, toa skrubu za dramu, vuta dramu. Toa zile boliti 6 na uivute shafti. Weka karai chini, mafuta ya difu yatachuruzika. Ndani utakuta nati mbili za milimita 52, na washa ya kukunja kati yao. Tafuta spana ya boksi ya 52. Wengi wanazungusha nati hizi kwa tindo na nyundo, na chembe za chuma zinazomeguka zinaingia moja kwa moja kwenye beringi mpya. Tunashuku hata fundi wako aliitumia tena washa ya zamani. Sikio lililokunjwa na kunyooshwa mara mbili tatu linakatika, na hapo nati zinarudi nyuma zenyewe. Washa mpya ni rahisi mno kuliko habu.

Lakini cha kutazama zaidi ni chuma cha ekseli beringi zinapokaa. Ifute kwa dizeli, uipitishe ukucha. Ukihisi ngazi, au ukiona chuma kimebadilika rangi kuwa buluu, pete ya ndani ya beringi imekuwa ikizunguka juu ya ekseli na kuila. Beringi hapo inaweza kuwa nzima kama alivyosema fundi, na gurudumu likacheza vile vile. Kuna wanaoidonoa ekseli kwa panchi ivimbe, na wengine wanazungusha bati la kopo la soda. Vyote viwili vinashika siku chache, kisha vinasagika. Dawa ni kubadilisha kile kipande cha ekseli, ambacho kimefungwa kwa boliti na hutoka bila kung'oa ekseli nzima. Tazama na vikombe (pete za nje) vya beringi ndani ya habu: kikombe kikizunguka kwa kidole, habu imekwisha.

Ukinunua beringi, nenda na za zamani mkononi, usome namba iliyochorwa ukingoni. Roli na kikombe chake ni jozi, usichanganye roli mpya na kikombe kikuukuu. Kikombe kigonge kwa kipande cha shaba, ukizunguka polepole. Kikifika chini mlio wa nyundo unabadilika. Grisi iingie kwa kiganja baina ya roli mpaka itokeze upande wa pili, na usiijaze habu yote, inachemka na kutafuta njia ya kutokea kwenye sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje).

Sasa kukaza. Zungusha habu kwa mkono huku ukikaza nati ya ndani mpaka uhisi uzito, roli zikae sawasawa. Rudisha nati kidogo, pungufu ya upande wake mmoja. Tia washa mpya, kisha nati ya nje, ukaze. Hapa ndipo wengi wanapokosea: nati ya nje ikikazwa inaisukuma ya ndani kidogo, na nafasi uliyoipima inapungua. Kwa hiyo pima tena baada ya kukaza zote mbili. Kinachotakiwa ni mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, takriban unene wa karatasi moja ya kuandikia. Ukiridhika, kunja sikio moja la washa juu ya nati ya ndani, jengine juu ya ya nje.

Endesha bila ya mzigo kiasi cha kilomita 20, halafu gusa habu zote mbili za nyuma. Uvuguvugu si neno. Moja ikiwa moto na mwenzake baridi, rudi ulegeze.

Swali: Gari yangu inavuta maboti ufukweni. Sili za nyuma nabadilisha kila baada ya miezi michache na breki zinalowa mafuta. Sili hizi ni feki?
*Msomaji, Nungwi*

Jibu: Huenda, lakini anza na kipumulio (tundu la kutolea hewa) juu ya ekseli. Kikiziba kwa mchanga, hewa ya moto inakosa pa kutokea na kusukuma mafuta kupitia sili. Ukiingiza habu yenye moto kwenye maji ya bahari, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Grisi ikawa nyeupe kama tui, beringi zikala kutu. Pandisha kipumulio kwa mpira hadi juu ya chesi, na subiri gari lipoe kabla ya kulirudisha majini. Mdomo wa sili wenye springi uelekee kwenye beringi. Breki zilizolowa mafuta badilisha pande zote mbili. Kuzichoma kwa petroli hakusaidii.

Swali: Suzuki Sierra yangu nayo inacheza nyuma. Nati ya kukaza iko wapi?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Jibu: Haipo. Beringi ya nyuma ya Sierra imebanwa kwenye shafti kwa pete. Ikicheza, shafti inatolewa, pete inakatwa, na beringi mpya na pete mpya zinabanwa kwa presi. Badilisha na sili papo hapo.