"Hadi Ijumaa" katika barua ya Kiingereza

SWALI: Ninawaandikia barua za Kiingereza wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Nikitaka kusema "hadi Ijumaa", nitumie "by Friday" au "until Friday"? – Msomaji, Hombolo

JIBU: Ndugu msomaji, "until" huambatana na jambo linaloendelea mpaka wakati uliotajwa, kama vile ghala kuwa wazi, ilhali "by" huambatana na jambo linalokamilika wakati wowote kabla ya kikomo hicho kupita, kama vile kuleta fomu. Kwa hiyo "We are open until Friday" ni sahihi, na "Send the form by Friday" pia ni sahihi. Lakini ukiandika "Send the form until Friday", Mwingereza ataelewa kwamba unamtaka aendelee kutuma fomu ileile siku baada ya siku. Kwangu mimi kosa hili ni zito kuliko la tahajia, kwa maana biashara husimama juu ya tarehe.

Uangalifu zaidi unahitajika penye ukanushi. "The grapes will not arrive until Friday" haimaanishi kwamba mzigo umeahirishwa kupita Ijumaa, bali kwamba zabibu zitafika Ijumaa yenyewe na si kabla ya hapo, hivyo gari la kuzipokea liandaliwe kwa siku hiyo.