Kuthibitisha kwamba 2147483647 ni namba tasa

SWALI: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wameikuta 2147483647 katika somo la kompyuta. Niliwaambia ni namba tasa, wakataka ushahidi. Nina kikokotoo cha kawaida tu, nianzie wapi? Na kompyuta zinaitumia kwa sababu gani? – Mwalimu wa hisabati, Tanga

JIBU: Mwalimu, ni tasa kweli, na mwanahisabati Leonhard Euler alilithibitisha hilo kwa mkono, matokeo yake yalichapishwa mwaka 1772.

Kipeuo chake cha pili ni 46340 na ushee, kwa hiyo yatosha kuigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi hapo. Ziko 4792. Kwa darasa ni nyingi mno, lakini umbo la namba linatupunguzia kazi: ni 2³¹ − 1. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62 (mara mbili ya 31), na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiyaunganisha masharti hayo, zinasalia namba zinazobakiza 1 au 63 zikigawanywa kwa 248. Ukiiacha 63 yenyewe, ambayo ni 7 × 9, hadi 46340 ziko 372 tu, na nyingi kati ya hizo si tasa. Ya kwanza, 249, ni 3 × 83, iruke. Inayofuata, 311, ni tasa: 311 × 6905092 = 2147483612, baki 35. Baada ya hapo hakuna ya kujaribu mpaka 1303! Wagawie wanafunzi zilizosalia, kila mmoja aandike baki lake ubaoni. Likitokea 0 popote, kuna aliyekosea hesabu.

Wasidhani kwamba kipeo (namba ndogo ya juu, kama 31 katika 2³¹) kikiwa tasa basi jibu nalo ni tasa. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2047 = 23 × 89.

Ipo pia njia ya wanahisabati Lucas na Lehmer, nzuri kupita zote kwa namba za umbo hili. Ijaribuni kwa 2⁷ − 1 = 127. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki la kugawanya kwa 127, kisha rudia. Utapata 14, 67, 42, 111, 0. Hatua ni kipeo kutoa 2, hapa 5. Sifuri ikitokea hatua ya mwisho, namba ni tasa. Ukiongeza hatua moja utapata 125 na kudhani umekosea. Kwa 2³¹ − 1 usitumie kikokotoo katika njia hii: mazao hufika tarakimu 19, kikokotoo hukadiria tarakimu za mwisho, na baki linakuwa la uongo. Tumia lugha ya programu inayohifadhi namba nzima bila kukadiria, kama Python.

Kuhusu kompyuta, huitumia hasa kama kikomo cha juu cha namba nzima, na utasa hauna kazi yoyote hapo. Kati ya biti 32 (nafasi za 0 au 1) zinazohifadhi namba, moja hushika alama ya hasi au chanya. 31 zilizobaki zote zikiwa 1, thamani ndiyo hiyo. Mifumo ya biti 32 inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 itaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata kihesabio kitaruka hadi −2147483648, na tarehe itasomeka Desemba 1901.