Usimponye ili harusi ipendeze

Dada, umeuliza kama mhusika wako wa Lamu, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya mashua, atupe magongo siku ya harusi. Asitupe, mguu hauoti kwa mapenzi. Muonyeshe akitembea: uzito uwe viganjani, si kwapani, maana kwapa likibanwa mishipa ya fahamu huumia na mkono hufa ganzi. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, vina ngazi na punda wenye mizigo. Gatini maji yakipwa, vidato vya chini huteleza. Mchumba asimbebe bila kumuuliza (kosa hili limejaa kwenye hadithi zetu!). Kiwewe nacho kimjie ghafla, kwa harufu ya dizeli au mlio wa injini, hata baada ya fungate.