Jibu: Kuimba Oíche Chiúin kwa Kiairishi, maneno hayatamkiki

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kwaya yenu imechagua Oíche Chiúin, yaani Usiku Mtakatifu kwa Kiairishi, tuni mnaijua ila mkishika karatasi ulimi unagoma.

Wekeni karatasi pembeni kwanza, msikilize. Enya, mwimbaji mzaliwa wa Gweedore kule Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, ameuweka kwenye albamu yake ya 2008, And Winter Came. Anaimba taratibu, silabi unazisikia. Jina lenyewe linakaribia "ii-he hyuun". Waimbaji wetu hukimbilia ch ya "chai". Hapo ni pumzi tu. Kialama juu ya irabu kinaivuta, na ukikuta mB kama kwenye mBeithil (Bethlehemu), b imekufa: sema "mehil".

Chagueni lafudhi moja. Ya Donegal na ya Munster, kusini mwa Ayalandi, hazifanani, mkichanganya besi na soprano watagongana.

Mkiuweza, nendeni kwenye Don Oíche Úd i mBeithil, wimbo mwingine wa Krismasi kuhusu usiku ule wa Bethlehemu. Mimi huo ndio unaoniliza. Ni wa Waairishi wenyewe. The Chieftains, bendi ya muziki wa asili wa Kiairishi, waliurekodi 1991. Ila msiutie midundo ya kinanda, tafadhalini!