Kwa mnaoanza kusoma Jamhuri ya Roma: serikali na vita msiviweke madaftari mawili

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza historia na mmekutana na Roma ya kale kwenye kozi, kila mwaka naona kitu kile kile. Mtu anafungua daftari anaandika SERIKALI, konsuli, seneti, tribuni, alafu anafungua daftari lingine anaandika VITA, anaanza na Hannibal, jemadari wa Karthago (mji adui wa Roma kule Afrika Kaskazini), na tembo wake, basi anakariri yote mawili hadi siku ya pepa. Nimewasaidia wanafunzi kwenye hii kozi mda mrefu, nawaambia kabisa ukisoma ivyo utapata maksi za kupita tu, maana swali linalopenda kuja ni kwa nini mji mmoja wa Italia uliteka karibu nchi zote zinazoizunguka Mediterania, na sehemu kubwa ya jibu imo humo humo kwenye vyeo vya serikali.

Jamhuri kwa mapokeo yao inaanza 509 KK walipomfukuza mfalme Tarquinius. Wakaweka konsuli wawili, ndo viongozi wakuu wa mji, kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake, na wanakaa mwaka mmoja tu. Wengi mnaandika hapo "ili asitokee mfalme tena" mnageuza ukurasa. Subiri kwanza. Wewe ndo konsuli, umehangaika miaka na miaka kupanda vyeo vya chini, hela imetoka, marafiki umewasumbua, sasa umefika juu na una miezi 12, na konsuli ndo huyo huyo jemadari wa jeshi. Utakaa mjini kusikiliza kesi? Ukishinda vita kubwa unaiomba seneti, lile baraza la wakubwa, maandamano ya ushindi, unaingia mjini kwenye gari la farasi wanne, mateka na nyara vinapita mbele watu wanashangilia, na ukoo wako utaringia siku hiyo vizazi na vizazi. Mwakani wanakuja wawili wapya na wao wana miezi yao 12. Karne ya 4 na ya 3 KK hamna miaka mingi ambayo jeshi lao lilikaa nyumbani. Sisemi ni sababu pekee, hofu ilikuwepo, Wagallia, watu wa kaskazini, waliuteka mji mwanzoni mwa karne ya 4 KK na Waroma hawakuisahau hiyo, na uroho wa ardhi na watumwa upo wazi, ila hili la mda mfupi wa cheo ndo wanafunzi wanaliruka.

Na msidhani raia wote walikuwa sawa kwenye kura. Mkutano uliochagua konsuli na kupitisha vita ulipangwa kwa senturia 193, yaani makundi ya kura, kila kundi kura moja, na kwa mpangilio wa zamani wapanda farasi walikuwa na 18 na tabaka la kwanza la matajiri 80. Jumlisha. Wakikubaliana hao, maskini kura yao haifikiwi. Tribuni walikuwepo kutetea watu wa chini, tangu 494 KK kwa mapokeo, na sheria ya Hortensia ya 287 KK ikafanya maamuzi ya mkutano wa plebsi, ndo hao watu wa chini, yawabane wote, lakini seneti ndo ilibaki inashika hela na kugawa kazi za vita.

Sasa washirika, hapa kaeni sana. 338 KK Roma ilimaliza vita na Walatini, majirani zake, na badala ya kuwatoza kodi wote kwa mkupuo ikawagawia hadhi tofauti, miji mingine uraia kamili, mingine uraia bila kura, mingine ikabaki kuwa mshirika mwenye mkataba wake na Roma. Mshirika halipi kodi, analeta askari. Ukiielewa hiyo sentensi umeelewa nusu ya kozi, kwa sababu kama unachopata kwake ni askari tu basi mwaka usiokuwa na vita hujapata kitu, na yeye mwenyewe kwenye vita anapata mgao wa nyara kwa iyo hana haraka ya kugoma. Mwanahistoria Polybius anatoa hesabu ya mwaka 225 KK kwamba Roma na washirika wake walikuwa na watu zaidi ya 700,000 wa miguu na kama 70,000 wa farasi wanaoweza kubeba silaha. Wataalamu wanabishania hiyo namba, sawa, hata ukiikata bado unaona kwa nini Pyrrhus, mfalme wa Epirus kule Ugiriki, alishinda Heraclea 280 KK na Asculum 279 KK alafu akachoka yeye, na kwa nini kwenye pigano la Cannae 216 KK Hannibal aliua Waroma makumi elfu kwa siku moja na bado hawakuomba amani. Jeshi lao lilikuwa kama nyasi za mvua, ukifyeka leo kesho limeota.

Ndo maana nasema muacheni tembo apumzike. Tembo wa Hannibal karibu wote walikufa kwenye baridi ya kwanza Italia. Kilichokuwa na maana ni kwamba alikuja kuwabandua washirika, Capua wakahama, miji kadhaa ya kusini ikahama, ila Walatini na Italia ya kati wakabaki, hapo ndo vita ilipoamuliwa hata kabla ya Zama 202 KK, pigano aliloshindwa mwishoni.

Kuhusu vyanzo haraka haraka. Livy, mwanahistoria Mroma, aliandika enzi za Augustus, kaisari wa kwanza, karne nyingi baadae, vitabu 142 vimebaki 35, na pengo linameza Pyrrhus na vita yote ya kwanza na Karthago. Hotuba zake msizinukuu kama rekodi, alizitunga yeye. Polybius yuko karibu zaidi na matukio, ila alikuwa Mgiriki aliyepelekwa Roma kama mateka akazoeana na familia ya Scipio, ukoo wa majemadari wakubwa, kwa iyo akisifia serikali yao iliyochanganya konsuli, seneti na watu muwe mnakumbuka anakula meza ya nani.

Turudi kwenye ule mwaka mmoja, maana ndo ulioiua jamhuri. 327 KK konsuli Publilius Philo kazingira Naples, mwaka wake ukawa unaisha, wakaona ujinga kumrudisha mjini, wakamwongezea mamlaka hadi amalize. Kadogo tu. Alafu yakaja majimbo ya ng'ambo, Sisilia baada ya 241 KK, Sardinia, Hispania, pretori (cheo cha chini ya konsuli) wakaongezwa wakafika wanne 227 KK na sita 197 KK, bado hawatoshi, kwa iyo kuongezewa mda kukawa kawaida, na gavana yuko mbali anakamua watu hadi 149 KK ikabidi waunde mahakama maalum ya kesi za unyang'anyi. Raia mjini hawakulalamika sana, tangu 167 KK nyara za Masedonia ziliwatosha wakaacha kutozwa kodi ya vita. Walioumia ni wakulima wanaopelekwa Hispania miaka, na tribuni Tiberius Gracchus alipotaka kugawa ardhi 133 KK walimuua kwa marungu. Washirika nao waliotoa damu yote ile walidai uraia wakanyimwa, 91 KK wakachukua silaha, na Roma ikaanza kuwapa huku inapigana nao.

Konsuli Marius 107 KK akaandikisha jeshini wasio na mali. Askari asiye na shamba anamtazama nani akimaliza kazi? Jemadari wake, sio seneti. 88 KK konsuli Sulla aliponyang'anywa amri ya vita dhidi ya Mithridates, mfalme wa Ponto, aligeuza jeshi akaingia nalo Roma, maofisa wake walimkimbia wote kasoro mmoja, askari wa kawaida wakamfuata. Caesar akapewa Gallia miaka mitano, 55 KK akaongezewa mingine mitano, linganisheni na Philo, na 49 KK walipomwambia aachie jeshi akavuka Rubicon, mto wa mpaka wa jimbo lake, akaingia Italia na jeshi. Mambo ya Kleopatra na Actium ni ya semista inayofuata, msiyaingize kwenye esei ya jamhuri kujaza kurasa.