Usizungushe hiyo preseti kabla ya kufunga balbu

Zima amplifaya yako sasa hivi. Umeandika kwamba umeiunda kwa jozi moja ya transista kubwa za kusukuma spika, 2SC5200 na 2SA1943, na trafo ya volti 35-0-35, kwamba inakwaruza sauti ikiwa chini, na kwamba fundi amekushauri uzungushe preseti ya bayasi (rizista ndogo ya kuzungusha inayopanga mkondo unaopita kwenye transista hizo hata pasipo sauti) mpaka sauti ilainike, spika ikiwa imeunganishwa. Ushauri huohuo nilipewa na muuzaji wa vifaa niliyemwamini, nami nikautii.

Sauti ililainika kweli, na huo ndio mtego, kwa sababu sikio halitofautishi miliampea 50 na miliampea 500. Transista ndogo inayosimamia bayasi nilikuwa nimeiacha hewani badala ya kuibana kwenye hitisinki, lile bamba la chuma la kupooza joto, pamoja na zile kubwa. Zile kubwa zilipopata joto, volti zinazohitaji ili zifunguke zilishuka, takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, mkondo ukapanda, joto likazidi, mkondo ukapanda tena, mpaka moja ikapiga shoti. Volti zipatazo 48 za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) zikaingia kwenye woofa aliyoniachia marehemu baba, na fyuzi yangu ya ampea 10 haikukatika, kwa kuwa koili ya omu 6 haivuti zaidi ya ampea 8. Nilisikia harufu ya koili kabla sijaifikia swichi. Nilipomrudia yule muuzaji, alinijibu kwamba spika yangu ilikuwa dhaifu, kisha akaniuzia transista nyingine. Mtu anayeshauri hivyo bila kutaja mita hajali mali yako.

Ondoa spika. Funga balbu ya waya ya wati 60 au 100, si ya LED, mfululizo kwenye njia ya umeme wa ukutani. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, zima utafute shoti. Pima DC kwenye njia ya spika, na isizidi milivolti 50. Hapo ndipo uguse preseti, ukipima volti kwenye rizista ya emita, ile iliyoungwa kwenye mguu wa emita wa transista kubwa: kwa omu 0.22, milivolti 11 ni miliampea 50. Balbu ikiondolewa pima upya, na urudie hitisinki ikishapata joto. Spika huunganishwa mwisho kabisa.

Spika za omu 4 ulizouliza zisubiri. Kwanza weka hapa picha ya mahali ulipoibana ile transista ndogo.